Cheri nyeusi: unalipia nini hasa?

Ukimtajia cheri mtu wa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, kinachomjia kwanza ni ile punje nyekundu ing'aayo inayokaa juu ya keki ya Black Forest. Wengi wameila tangu utotoni kwenye sherehe, wakaiona tamu, laini kidogo, yenye harufu ya lozi, wakaamini kwamba hiyo ndiyo cheri. Kisha siku moja wanakutana na pishi linalodai cheri nyeusi, au wanasoma kwamba tunda hili linatuliza ugonjwa wa jongo na kuleta usingizi, na hapo mambo yanachanganyika. Ni tunda lilelile? Za kopo nazo je? Na bei ya dukani inapotisha, kuna sababu ya kulinunua?

Nitasema mapema ninachokiamini. Thamani ya cheri nyeusi, kwa mpishi na kwa mlaji, imo katika rangi yake iliyokolea na uchachu unaoandamana nayo. Cheri ya juu ya keki imenyang'anywa vyote viwili. Sehemu kubwa ya sifa nyingine zinazosambazwa mitandaoni zimekuzwa kupita kiasi, ingawa si zote ni uongo. Na mtu wa pwani anayo nyumbani zambarau, tunda linaloweza kufanya kazi nyingi za cheri nyeusi jikoni.

Miti mitatu tofauti

Matunda ya miti isiyopungua mitatu huitwa cheri nyeusi, na mapishi mengi hayasemi yanakusudia lipi. Wa kwanza ni mcheri mtamu, Prunus avium. Aina zake nyingine huzaa matunda ya njano na nyingine mekundu, lakini zile zinazokolea hadi kukaribia weusi ndizo zinazouzwa mbichi madukani. Maarufu kuliko zote ni Bing, iliyopatikana mwaka 1875 huko Milwaukie, Oregon, Marekani, katika bustani ya Seth Lewelling. Iliitwa hivyo kwa heshima ya Ah Bing, msimamizi Mchina aliyekuwa akiitunza miche ile. Inasimuliwa kwamba baadaye Ah Bing alikwenda kwao kutembelea ndugu, na sheria za Marekani za kuwazuia Wachina zikamfungia njia ya kurudi. Cheri iliyobeba jina lake bado inauzwa duniani kote.

Wa pili ni mcheri mchachu, Prunus cerasus. Aina zake nyeusi hujulikana kama morello, na maji yake yenyewe ni mekundu ya kukolea. Hizi ni nadra kuliwa mbichi, lakini jikoni ndizo malkia. Wa tatu ni Prunus serotina, mti wa porini wa mashariki ya Amerika Kaskazini, wenye vitunda vyeusi vidogo kama njegere, vitamu vyenye uchungu kwa nyuma. Marekani mti huu unasifika zaidi kwa mbao zake za fanicha na kwa magome yaliyotumika zamani kwenye dawa za kikohozi. Jamaa zake wa Mexico na milima ya Andes huzaa matunda makubwa zaidi, na huko huliwa kwa hamu.

Afrika Mashariki nayo ina ndugu wa ukoo huu. Ni Prunus africana, mti wa misitu ya Kilimanjaro, Mlima Kenya na Kakamega, ambao Wakikuyu huuita muiri. Tunda lake ni chungu, chakula cha ndege na nyani. Magome yake ndiyo yanayotafutwa, kwa dawa za kuvimba kwa tezi dume, na yalichunwa kiasi kwamba tangu mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini.

Cheri ya kula haioti pwani kwa sababu mti wake unahitaji kulala usingizi wa baridi. Aina nyingi zinataka saa zaidi ya 700 za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 za selsiasi kabla ya kuchanua vizuri. Ndiyo maana wazalishaji wakubwa ni nchi zenye baridi kama Uturuki, na Chile, ambayo huvuna kuanzia Novemba hadi Januari hivi, inapeleka mzigo wake mwingi China. Cheri mbichi haisubiri: ndani ya siku chache inalegea na kuoza. Kwa hiyo zinazofika kwetu zikiwa mbichi mara nyingi zimepanda ndege, na nauli hiyo analipa mnunuzi.

Ile nyekundu ya juu ya keki

Cheri za keki huanza zikiwa cheri za kweli, mara nyingi zile za rangi hafifu. Huvunwa na kuzamishwa kwa wiki kadhaa katika maji yenye dawa ya salfa na chumvi ya kalsiamu. Salfa inaondoa rangi yote, kalsiamu inakaza nyama ya tunda lisibomoke. Zikitoka humo zimepauka, hazina ladha ya maana. Ndipo hutolewa kokwa, hulowekwa kwenye shira, hutiwa rangi nyekundu na arki ya lozi. Ile harufu ambayo wengi wetu tunaiita harufu ya cheri imetoka kwenye chupa.

Rangi iliyotumika miaka mingi ni erithrosini, E127. Umoja wa Ulaya umeibana hadi karibu iwe ruhusa ya cheri za aina hii tu. Januari 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliiondolea kibali, na watengenezaji wa vyakula wakapewa hadi Januari 2027 kuachana nayo. Msomaji asitishike kupita kiasi: sheria ya huko inakataza rangi yoyote iliyoleta saratani kwa wanyama wa maabara, na FDA yenyewe ilieleza kwamba njia iliyowadhuru panya dume wale haifanyi kazi hivyo kwa binadamu. Hata hivyo, ni vizuri mtu asome maandishi ya kopo kabla ya kuwamiminia watoto.

Jambo jingine wasilolijua wengi: India kuna tunda dogo linaloitwa karonda ambalo huchemshwa kwenye sukari, likatiwa rangi na kuuzwa kama cheri za keki. Karonda haina udugu wowote na cheri. Ndugu yake yuko kwetu vichakani, mtandamboo. Kwa hiyo kopo la bei nafuu linaweza kuwa halina cheri kabisa. Ukitaka uhakika, geuza kopo usome orodha ya viambato.

Tufike kwenye keki yenyewe. Kule Ujerumani Black Forest hutengenezwa kwa kawaida na cheri chachu zilizopikwa, krimu, chokoleti, na Kirschwasser, pombe kali isiyo na rangi inayokenekwa kutokana na cheri. Kanuni za chakula za Ujerumani zinataka ladha ya pombe hiyo ihisike waziwazi, la sivyo keki haistahili jina. Waokaji wengi wa kwetu hawaweki pombe hiyo, lakini kwa Mwislamu au yeyote asiyetumia kilevi, kumuuliza mwokaji si ukorofi, hasa katika hoteli. Ukioka mwenyewe, lowesha keki kwa shira ya cheri chachu na ndimu. Utapata keki nzuri, na kwa maoni yangu hukosi kitu.

Rangi inayobadilika machoni

Weusi wa cheri unatokana na jamii ya rangi za mimea ziitwazo anthosiyanini. Ndizo zilizomo kwenye rozela, zambarau, zabibu nyeusi na kabichi la rangi ya zambarau. Katika cheri tamu nyeusi zimejaa zaidi kwenye ganda, ingawa nyama nayo inazo. Cheri za njano zina kiasi kidogo sana.

Tabia ya rangi hizi unaweza kuishuhudia jikoni. Mimina vijiko viwili vya maji ya cheri nyeusi katika vikombe vitatu vyeupe. Kimoja kiache. Cha pili kikamulie ndimu: wekundu unachangamka hapo hapo. Cha tatu kitie bekingi soda kwenye ncha ya kijiko: kioevu kinatoa povu, kinakuwa zambarau, kisha kinaelekea buluu chafu yenye ukijivu. Ongeza ndimu na wekundu unarudi, mradi hukuchelewa.

Hapo ndipo penye siri ya keki nyingi zinazoharibika sura. Mtu anachanganya cheri kwenye unga uliozidi bekingi soda, anakata keki na kukuta duara za kijani-buluu kuzunguka kila punje, anadhani matunda yalikuwa na ukungu. Hayakuwa. Tumia bekingi pauda badala ya soda tupu, au weka maziwa ya mgando kwenye rojo, na zipangusie cheri unga mkavu kabla ya kuzitia ili maji yake yasitapakae.

Rangi hizi huyeyuka kwenye maji, na joto la muda mrefu huzivunja. Cheri za kopo zimeachia sehemu kubwa ya rangi kwenye shira yake, kwa hiyo anayeimwaga shira amemwaga kitu cha maana. Ichuje, ichemshe ipungue nusu, ikamulie ndimu, ikibidi iongezee uzito kwa kijiko kidogo cha wanga wa mahindi uliokorogwa kwenye maji baridi. Hapo una mchuzi wa kumwagia krimu, mkate wa mayai au hata kuku wa kuoka.

Tamu hulala, chachu huamka

Kosa la mgeni wa cheri ni kuchukua zile tamu nyeusi zilizomfurahisha mkononi, akazipika kwenye tati, yaani pai isiyofunikwa juu, halafu akashangaa kwamba ladha imezimika. Cheri tamu ina sukari nyingi na asidi kidogo. Ikipata moto, harufu zake nyepesi zinaondoka na utamu unabaki peke yake. Dawa yake ni ndimu, punje ya chumvi, na moto wa muda mfupi. Cheri chachu ina asidi ya kutosha kustahimili sukari, maziwa na mafuta, ndiyo maana Wahungaria hutengenezea supu baridi ya kiangazi na Waturuki hunywa sharubati yake.

Pishi ninalolipenda kuliko yote ya tunda hili ni la Iran, albalu polo. Cheri chachu hupikwa na sukari hadi zitoe shira yao. Mchele wa basmati huchemshwa nusu, ukachujwa, kisha hupangwa matabaka kwa matabaka na cheri ndani ya sufuria yenye siagi chini, ukafunikwa kwa kitambaa na kuachwa ujipike kwa mvuke. Zafarani iliyorowekwa humwagiwa juu, na wali huliwa pamoja na kuku au vipande vya nyama ya kusaga. Aliyezoea kupanga biriani ataielewa kazi hii bila kuelekezwa. Wali unatoka na mabaka ya waridi na mekundu, na uchachu wake unakata mafuta ya nyama kama ukwaju unavyofanya.

Aleppo nako, Syria, nyama ya kondoo ya kusaga hufinyangwa vitonge, hupikwa katika mchuzi wa cheri ndogo chachu na hupakuliwa juu ya mkate mwembamba. Cheri zake ni za mti mwingine wa ukoo huo, mahaleb, ambao kiini cha kokwa yake husagwa kuwa kiungo cha mikate na biskuti za maamuli. Kiungo hicho, mahlab, hupatikana kwenye maduka ya viungo ya Kiarabu, na wasomaji walioko Muscat au Dubai hawatahangaika kukitafuta. Ufaransa, katika mji wa Itxassou wa Wabaski, jamu ya cheri nyeusi huliwa na jibini ya kondoo. Jaribu mara moja jamu nyeusi na jibini yenye chumvi, utaona kwa nini hawaachi.

Na kokwa? Katika eneo la Limousin, hukohuko Ufaransa, clafoutis, aina ya mkate wa mayai na maziwa uliojaa cheri nyeusi, huokwa na kokwa zake ndani kwa sababu kokwa hutoa harufu ya lozi. Harufu hiyo inatokana na amigdalini, kemikali ambayo kokwa ikipondwa huachia sianidi. Ni jamaa ya sumu tunayoijua katika muhogo mchungu. Kumeza kokwa nzima kwa bahati mbaya hakudhuru, inapita. Kutafuna viini vyake au kuvisaga kwenye blenda pamoja na tunda ni jambo la kuepuka, hasa kwa watoto. Mimi nazitoa zote. Huhitaji kifaa: shika kibanio cha nywele kilicho safi, ingiza upande wa kipindo mahali kikonyo kilipokuwa, zungusha, vuta. Vaa aproni, maana doa lake halisahau nguo.

Virutubisho bila chumvi

Gramu 100 za cheri tamu mbichi, yaani punje 12 hadi 15 hivi, zina kalori 63, sukari karibu gramu 13, nyuzinyuzi gramu 2, potasiamu miligramu 222 na vitamini C miligramu 7. Kiwango hicho cha vitamini C ni kidogo. Chungwa lina kama miligramu 53 kwa uzito huo, na pera linapita 200. Anayenunua cheri kwa ajili ya vitamini C anapoteza fedha. Cheri chachu ina sukari pungufu, kama gramu 8 na nusu, na vitamini A nyingi kuliko tamu. Zile nyekundu za keki zina sukari karibu gramu 39 na vitamini C sifuri.

Kwa mwenye kisukari, cheri mbichi kwa kiasi si tatizo kubwa, lakini za shira nzito ni habari nyingine. Mwenye tumbo jepesi naye ajue kwamba cheri zina sorbitoli, sukari isiyofyonzwa vizuri na utumbo. Bakuli kubwa linaweza kumletea gesi na kuharisha.

Kinachobaki ni anthosiyanini, na hapa ndipo utafiti umeelekea. Mwaka 2003 watafiti wa chuo kikuu cha California, Davis, waliwapa wanawake 10 wenye afya gramu 280 za Bing, na baada ya saa tano asidi ya yuriki katika damu yao, ambayo ikizidi ndiyo huleta jongo, ilishuka kwa asilimia 14 hivi. Mwaka 2012 watafiti wa chuo kikuu cha Boston waliwafuatilia wagonjwa wa jongo 633, wakaona kwamba siku mbili za kula cheri ziliandamana na hatari ya shambulio iliyopungua kwa asilimia 35, na ilipungua zaidi kwa waliokuwa wakitumia pia alopurinoli, dawa ya kushusha asidi hiyo. Habari hii ilienea sana, na kuna sababu.

Lakini utafiti wa 2012 ulikuwa wa kuwauliza watu walikula nini, na anayekumbuka kula cheri huenda ana mazoea mengine yanayomsaidia. Baadaye, New Zealand, watu 50 wenye jongo walipewa maji mazito ya cheri chachu kwa viwango tofauti kwa siku 28, na asidi ya yuriki haikushuka. Ninavyoliona jambo hili: mgonjwa wa jongo anaweza kula cheri kwa furaha, ila asithubutu kuacha dawa aliyoandikiwa.

Habari ya usingizi imetatanishwa zaidi. Ni kweli cheri zina melatonini, homoni ya usingizi. Aina ya Montmorency, ambayo ni chachu, ilipimwa ikakutwa na nanogramu 13 kwa kila gramu. Kidonge cha kawaida cha dukani kina miligramu 3. Piga hesabu: utahitaji zaidi ya kilo 230 za cheri kukifikia. Majaribio madogo, likiwemo moja la mwaka 2012 lenye watu 20, yaliona usingizi ukiboreka kidogo kwa wanywaji wa maji ya cheri, lakini kama kuna nguvu hapo, ni vigumu kuamini kwamba inatoka kwa melatonini peke yake. Jaribio la watu 20 ni mwanzo wa swali.

Zambarau mahali pa cheri

Zambarau si cheri. Mti wake ni wa ukoo wa mkarafuu. Lakini ganda lake limejaa anthosiyanini, ingawa za aina tofauti na za cheri, na gramu 100 zake zina kalori 60 na vitamini C miligramu 14, mara mbili ya cheri tamu. Ninalisema hili kwa sababu nawaona watu wakitafuta tunda lililopanda ndege kwa bei ya ajabu huku zambarau zikikanyagwa chini ya miti. Tahadhari moja: tafiti za jongo zilifanywa kwa cheri, na haifai kuyahamishia zambarau matokeo yake kwa kufanana rangi tu.

Jikoni tofauti yake kubwa ni ukakasi, ule unaokaza ulimi. Chagua zilizoiva hadi kulegea. Weka kilo moja kwenye sufuria na kikombe kimoja cha maji, chemsha moto mdogo dakika kumi hadi ganda lipasuke, kisha zikande kwenye chujio kwa mwiko ili kokwa na mabaki yabaki juu. Rojo linalopatikana rudisha motoni na sukari robo kilo, punje ya chumvi na maji ya ndimu moja, uache lichemke hadi lishike mgongo wa kijiko. Likipoa tia tone la arki ya lozi, kwa kuwa zambarau haina harufu hiyo ya kokwa. Panga katikati ya keki ya chokoleti na krimu, au punguza sukari nusu na uongeze pilipili manga, upakulie nyama ya mbuzi ya kuoka.